Ngazi, Umati na Pumzi

Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega, Kenya, walikuwa wakitoka madarasani kwenda nyumbani. Walisongamana kwenye ngazi za jengo la ghorofa, wakaangukiana, na watoto 14 wakafa. Siku mbili kabla ya hapo, mjini Moshi, Tanzania, watu 20 walikuwa wamekufa waking'ang'ania kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, watu 45 walipoteza maisha Dar es Salaam katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru.

Wengi wetu huamini kwamba watu hawa hukanyagwa hadi kufa. Wapo wanaokanyagwa, lakini muuaji mkubwa ni kukosa pumzi. Hewa haiingii mapafuni mpaka kifua kitanuke, na mtu aliyebanwa mbele na nyuma hana nafasi ya kutanua mbavu. Anaweza kuzimia akiwa wima, bila mchubuko hata mmoja, na dakika chache zikatosha kumwua.

Kwa hiyo linda kifua chako mapema. Ukihisi mabega ya watu yamekugusa pande zote, inua mikono mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, viwiko vikitoka nje kidogo, ili mbavu zipate pa kuchezea. Usipige mayowe; pumzi hiyo utaihitaji. Kiatu kikivuka au simu ikianguka, iache. Umati ukikusukuma, usishindane nao: nenda nao, kisha umati unapotulia kidogo, jongea kimshazari kuelekea pembeni, ukijihadhari usibanwe ukutani au kwenye uzio. Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje, ufunike kichwa kwa mikono. Usilale chali wala kifudifudi.

Wapenzi wa mapigano ya fahali wa Khayega na Shinyalu, huko Kakamega, wanajua kumkimbia fahali aliyegeuka, na uwanja ulio wazi huwapa pa kukimbilia. Kwenye ngazi hakuna pa kukimbilia, na anayekimbia ndiye anayeongeza uzito juu ya walio chini.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi na walimu wanisikilize kwa makini zaidi. Mtoto aliyebanwa chini ya ngazi hana uwezo mkubwa wa kujiokoa. Mwokozi wake yuko juu, nyuma kabisa, na haoni kinachotokea. Anasikia kelele, anadhani ni furaha ya kwenda nyumbani, anaendelea kushuka. Mtoto huyo wa nyuma ndiye wa kufundishwa kwanza: foleni ikisimama, nawe simama, ukisikia "Rudini nyuma!", rudi hatua mbili na umpitishie wa nyuma yako neno hilo hilo.

Waliotolewa kwenye msongamano wakihesabiwa, macho hukimbilia anayelia. Anayelia ana hewa. Anza na aliye kimya. Kama hapumui, mwite mtu apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nawe mlaze chali, inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, umpulizie pumzi mpaka uone kifua kikiinuka. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua, kina cha theluthi moja ya kifua cha mtoto, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kukandamiza mara 30, mpe pumzi 2. Endelea mpaka apumue au msaada ufike.

Shule yenye ghorofa haihitaji bajeti kuanza. Mwalimu mmoja asimame kila mahali ngazi zinapogeuka, darasa moja lishuke hadi liishe ndipo jingine lianze, na kengele ya jioni isilie kwa madarasa yote kwa wakati mmoja.