Uzito wa Hewa na Mipira ya Injini Kuukuu

Mwezi wa Agosti 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyeanza safari yake Bagamoyo, aliwasili Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, upande wa Kasongo, akiwa na vyombo vya kupimia uzito wa hewa. Na kwa hesabu ya uzito huo alikisia kimo cha mto, akaona uko chini kuliko Nile pale Gondokoro, na maadamu maji hayapandi mlima, akakata shauri kwamba Lualaba hauwezi kuwa Nile. Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1871, alikuwa ametumaini kinyume cha hayo, na historia ikamhukumia Cameron haki. Hewa ile ile iliyoamua kesi ya mito ndiyo inayomtaabisha fundi wa Kasongo leo, anapofunua kapo ya motokaa kuukuu ya esansi akakuta mipira myembamba kumi au zaidi, mmoja umepasuka, mwingine umezibwa kwa msumari, wa tatu unaning'inia bila mwenyewe.

Husemwa kwamba injini hunyonya. Usemi huo watosha kwa mazungumzo, walakini humpoteza mtu kazini, kwani hakuna kitu kinyonyacho: pistoni ikishuka ilhali kilango cha kabureta kimekaribia kufungwa, hewa ndani ya manifoldi huwa haba, na hewa ya nje, kwa uzito wake, husukuma ili iingie popote ipatapo upenyo. Mtaliani Torricelli alidhihirisha uzito huo mwaka 1643 kwa mrija wa zebaki, nao katika usawa wa bahari hubeba zebaki ya milimita 760. Kasongo, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 600, hupungukiwa sehemu saba hivi katika mia. Kwa hiyo injini nzima ambayo Mombasa ingeonyesha kwenye geji upungufu wa milimita 480, hapa huonyesha 430 tu, na fundi aliyesoma kitabu cha pwani asiishuku bure.

Nguvu hii si ya mchezo. Sinia la kusaidia breki lenye kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314, na kila moja, kwa upungufu wa milimita 430, hulemewa na zaidi ya nusu kilo. Jumla yake yapata kilo 180, mzigo ambao mguu wa dereva usingeuweza peke yake.

Kwa nini basi mipira ni mingi hivi? Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali juu ya moshi wa magari, na Japani ikakaza zake hasa mwaka 1978. Watengenezaji, kabla ya kompyuta kuenea katika injini, wakaiamuru hewa ifungue na kufunga vali kwa wakati wake. Magari yaliyokusudiwa Afrika aghalabu hayakupewa vyombo hivyo, bali yaliyotumika Japani kisha yakauzwa huku yalikuja navyo vyote. Ndiyo sababu motokaa mbili za jina moja na umri mmoja huwa na matumbo tofauti, na kuiga mipira ya jirani ni njia ya hakika ya kupotea.

Penye karatasi ya ramani chini ya kapo, na ifuatwe. Isipokuwepo, fundi auanze kila mpira kwenye asili yake, aweke kidole gumba kwenye tundu injini ikinguruma polepole. Tundu lililo chini ya kilango hushika kidole papo hapo. Hapo ni mahali pa mpira mnene wa breki na wa vali irudishayo mvuke wa oili. Tundu lililo juu ya kilango halishiki mpaka esansi ikanyagwe, nalo kwa kawaida ni la delko, ambayo huwahisha moto wa buji gari likiwa mwendoni. Akibadilisha hayo mawili, injini hukimbia pasipo kuguswa, naye atashinda akisokota skrubu za kabureta ambazo hazina hatia. Mpira wa mvuke wa tangi usizibwe kamwe: esansi ikipungua bila hewa kuchukua nafasi yake, gari huzimika njiani, na dereva akifungua kifuniko cha tangi husikia hewa ikiingia kwa mlio, kisha safari huendelea kana kwamba hapakuwa na ugonjwa.

Penye ufa, hewa isiyohesabiwa huingia na mchanganyiko hupungua esansi. Injini hutetema na vali huungua. Pikipiki nazo, ambazo nyingi hubeba abiria na magunia kati ya Kasongo na Kabambare, huugua hivi shingo ya mpira kati ya kabureta na silinda ikikauka kwa joto. Povu la sabuni, ambalo huumbua tairi, hapa halifai, kwa kuwa hewa haitoki bali yaingia. Na wale wanyunyizao esansi kusaka ufa wanasaka moto. Kipande cha mpira, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa taratibu juu ya viungo, hufikisha mlio mahali pake. Badala ya mpira uliokufa usitiwe wa plastiki laini: hewa ya nje huubana ukalala bapa, na vali hufa njaa.

Gari la mazutu, kwa kuwa aghalabu halina kilango, hupewa pampu yake, mara nyingi nyuma ya altaneta, iitoe hewa katika sinia la breki. Mpira wake ukipasuka injini haitoi habari yoyote, na dereva hujua kwenye mteremko. Huo hupimwa hivi: injini ikiwa imezimwa, breki hukanyagwa mara nne au tano mpaka kanyagio kikakaza, kisha injini huwashwa mguu ukiwa juu yake, kikishuka kidogo, mpira ni mzima.