Mashine ya Kukatia Majani Izimikapo: Habari ya Tabora na ya Hapa Kwetu

Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye ndugu zake wa upande wa mama wako Tabora, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Mashine yake ya kukatia majani, ile ya magurudumu manne ya kusukuma, hapa kisiwani ilikuwa ikifanya kazi chini ya mikarafuu bila matata. Ameipeleka Tabora iwasaidie ndugu zake kufyeka kiwanja na kusafisha pembezoni mwa mizinga ya nyuki kabla ya msimu wa moto wa porini. Huko inawaka vizuri, inakwenda kidogo, kisha inakohoa, inatoa moshi mweusi na kuzimika. Aliitwa fundi, naye akavua chujio la hewa akaliweka kando. Mara mashine ikanguruma kama mpya. Sasa mwenzetu auliza: chujio lile lina kazi gani basi, ikiwa bila yake mambo huwa mazuri zaidi?

Kwa haraka twamjibu hivi: chujio lirudishwe leo, kabla mashine haijawashwa tena. Sababu zake ni ndefu kidogo, na zafaa kujulikana hata na asiyepata kufika Tabora maishani mwake.

Injini ndogo ya petroli haina mahitaji mengi. Yataka mafuta, hewa, cheche ya umeme, na silinda inayobana vyema. Mafuta na hewa huchanganywa ndani ya kabureta, na kipimo chake ni kama kilo 1 ya petroli kwa kilo 15 za hewa. Petroli ikizidi, moto huwa na masizi na plagi huloa. Hewa ikizidi, moto huwa mkali mno na injini huchemka. Kwa hiyo mashine izimikapo si lazima iwe imevunjika. Mara nyingi imekosa kimoja katika vile vinne, na kazi ya mwenyewe ni kutafuta ni kipi, si kukimbilia kununua kabureta mpya.

Sasa tutazame Tabora. Wazee wetu waliijua njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo na Mgunda Mkali mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa. Bidhaa za Unguja zilipanda kwa njia hiyo juu ya mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi wengi walishuka nayo kuja pwani. Baadaye wako waliovuka mpaka visiwani kupalilia mikarafuu. Mashine ya mwenzetu ina uzito wa kilo 30 hivi, yaani frasila mbili kasoro kidogo, na huo ulikuwa karibu sawa na mzigo wa mpagazi mmoja. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 iliwaondolea watu taabu ya kubeba, lakini mwinuko haukuuondoa. Na mwinuko wenyewe haujionyeshi. Mtu akifika Tabora haoni mlima wa kumtisha. Aona nchi tambarare, miembe, na pori la miombo. Kumbe amepanda polepole mpaka yapata mita 1,200 juu ya bahari, hali vilima vyetu vya Unguja na Pemba havifiki hata mita 150.

Kwa mwinuko huo hewa huwa nyepesi. Pale ambapo injini hapa pwani huvuta sehemu 100 za hewa, kule huvuta kama 88 tu kwa pumzi ile ile. Kabureta iliyotengenezwa kwa kipimo cha nchi za chini haijui habari hiyo; hupunguza petroli kidogo, lakini si kwa kadiri ya upungufu wa hewa. Basi mchanganyiko huzidi petroli, na nguvu ya injini hupungua kwa karibu sehemu moja katika nane. Jambo hili peke yake halitoshi kuizima mashine nzima. Ingekuwa hivyo, Tabora pasingekuwa na pikipiki.

Ongeza vumbi. Tangu Juni mpaka Oktoba mvua hainyeshi kule, majani hukauka, na kisu cha mashine huzunguka karibu na ardhi kikipeperusha udongo kama feni. Chujio ambalo hapa kwetu, penye unyevu, laweza kukaa wiki nyingi bila kuguswa, kule hujaa kwa siku moja ya kazi. Likijaa, hewa ambayo tayari ilikuwa pungufu huzidi kupungua. Ndipo moshi mweusi hutoka, plagi huvaa masizi, na injini huzimika, hasa ikikutana na majani marefu.

Kwa hiyo fundi yule alipovua chujio aliifungulia injini hewa, nayo ikafufuka palepale. Dawa ilionekana kuwa ni sahihi kwa kuwa ilijithibitisha mbele ya macho ya watu, na hapo ndipo penye hatari. Vumbi sasa laingia moja kwa moja ndani ya silinda, lachanganyika na oili, na kuwa kama msasa. Pistoni huenda juu na chini mara 3,000 kwa dakika, na kila mara msasa ule hukwangua ringi na kuta za silinda. Hakuna dalili siku ya kwanza. Baadaye mashine huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na kamba ya kuwashia huvutika kwa wepesi kuliko zamani kwa kuwa silinda haibani tena. Ikifika hapo, kulisafisha chujio hakusaidii. Ni kubadili ringi au kuchonga silinda, na kwa mashine ndogo gharama hiyo yaweza kukaribia bei ya mashine nyingine.

Afanye nini basi? Kama chujio ni la karatasi, aligonge taratibu juu ya kiganja mpaka vumbi lianguke. Asilioshe kwa petroli wala asilipake oili, na likiwa limechanika au limeshika mafuta anunue jingine. Kama ni la sponji, alioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, alikaushe kivulini, atie matone machache ya oili ya injini, kisha alikamue mpaka libaki na unyevu tu. Katika kiangazi cha Tabora kazi hii ifanywe kila siku mashine inapotumika. Apandishe kisu juu, asukume polepole, na majani marefu ayakate kwa mapito mawili, maana nguvu iliyopotea kwa ajili ya mwinuko haitarudi. Kisu kikiwa butu, au majani yakiwa yamegandamana chini ya bati, injini hubeba mzigo usio wake na kuzimika hata kama haina ubaya wowote.

Plagi nayo itazamwe, maana ndiyo shahidi wa mambo ya ndani. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au hewa chache. Weusi unaoteleza kwa oili ni dalili ya ringi zilizokwisha. Weupe kama majivu ni hewa nyingi na joto kupita kiasi. Isuguliwe kwa brashi ya waya, na nafasi ya ncha zake kwa mashine nyingi za namna hii ni kama robo tatu ya milimita, unene wa kadi ya benki.

Lakini si kila kuzimika ni kwa hewa, na hapa twarudi kwa wanachama wote. Tazama mashine yako inazimika namna gani. Ikiwa huenda dakika kumi kisha hufa polepole, na ukiipumzisha huwaka tena, anza na kifuniko cha tangi. Kina kitundu chembamba cha kuingiza hewa mahali pa mafuta yanayotumika, na kitundu hicho kikizibwa na uchafu, mafuta hukataa kushuka. Kilegeze kifuniko, ukisikia hewa ikivutwa ndani, na mashine ikaendelea, umepata ugonjwa bila kutumia hata senti moja. Kama sivyo, vua plagi mara tu inapozimika, irudishe kwenye waya wake, gusisha chuma chake na mwili wa injini mbali na petroli, na umwambie mwenzako avute kamba. Cheche ikiwa hafifu au haipo wakati injini ni moto, kisha ikarudi ikipoa, huenda koili ndiyo mgonjwa.

Mashine inayowaka kwa choki tu, na kufa mara choki ifunguliwapo, ni kinyume cha ile ya Tabora: yakosa petroli. Huu ndio ugonjwa wetu wa visiwani, na mara nyingi sisi wenyewe tumeutengeneza. Mashine huwekwa ghalani baada ya palizi na petroli ndani ya tangi. Baada ya mwezi au miwili, sehemu nyepesi za petroli zimekwisha kupaa, na zilizobaki huacha utando wa kunata unaoziba jeti, kile kitundu cha kabureta ambacho uzi wa kushonea hupita kwa shida. Unyevu wa pwani nao hugeuka maji ndani ya tangi. Mimina mafuta kidogo katika chupa nyeupe uyaache yatulie. Maji, kwa kuwa ni mazito, yatakaa chini kama lulu. Na ukishuku kuwa umeuziwa petroli iliyotiwa mafuta ya taa, dondosha tone juu ya karatasi safi. Petroli hupaa na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa huacha doa.

Kabureta ikifunguliwa, bakuli lake lisafishwe na jeti izibuliwe kwa kupuliza au kwa unyoya mgumu. Msitumie sindano wala waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, na kitundu kikipanuliwa hata kidogo mashine itakunywa petroli siku zote.

Kabla ya kugusa kisu, chomoeni waya wa plagi. Mashine ikibidi kuinamishwa, upande wa plagi uelekee juu, oili isije ikashukia kwenye chujio. Na msitie petroli injini ikiwa moto. Huko Tabora katika kiangazi hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa hata sailensa iliyochemka, ikiachwa juu ya majani makavu, yaweza kuwasha pori, na mwenzetu alipeleka mashine ili kuzuia moto usifike mizingani.

Jambo la mwisho ni kwa wenye mashine za kuvaa begani, ambazo baadhi yake zina skrubu za kurekebishia mafuta kwenye kabureta. Mtu akiipeleka bara na kuipunguzia petroli ili ikubaliane na hewa ya kule, aandike amegeuza skrubu kiasi gani na upande gani, akaifunge karatasi hiyo kwenye mpini. Mashine ikishuka tena pwani, irudishwe ilivyokuwa kabla ya kazi, maana hapa hewa ni nzito, petroli itakuwa pungufu, na pistoni yaweza kuungua asubuhi ya kwanza chini ya mikarafuu.