Ukoo wa Milango ya Mitokondria

Wanafunzi wenzetu, huku kwetu Minembwe mtu akitaka kununua mtamba anauliza kwanza: mama yake anakamuliwa namna gani? Na nyanya yake je? Mtamba hajazaa bado, lakini mnunuzi amekwisha kukisia. Wataalamu wa biolojia wanafanya vile vile na protini.

Darasani tulijifunza kwamba mitokondria ni jiko la nguvu ndani ya seli. Utando wake wa ndani umefungwa sana, kitu hakipiti hivi hivi tu. Iko milango ya protini, na kila mlango una mzigo wake. Ule unaojulikana zaidi unaingiza ADP na kutoa ATP. Mwaka 1982, kule Munich, walisoma mpangilio wa asidi amino zake zote 297, wakitumia moyo wa ng'ombe (ndiyo, ng'ombe!). Mwaka ule ule ikaonekana umejengwa kwa sehemu tatu zinazofanana, kila moja asidi amino kama 100. Hiyo ndiyo alama ya ukoo. Sisi watu tunayo milango 53 ya ukoo huo.

Sasa tutazame kijidudu Trypanosoma brucei, ambacho mbung'o huwaambukiza ng'ombe nagana. Hapa juu baridi inatulinda, lakini mifugo ikishuka mabondeni ni habari nyingine. Mwaka 2009 ilihesabiwa milango 24 ndani yake, na kazi zake zikakisiwa kwa kutafuta jamaa zake katika viumbe vingine. Miwili, MCP5 na MCP15, ilifanana na mlango wa ATP. Mwenye haraka angesema yote ina kazi moja.

Lakini ndugu wawili si lazima wafanye kazi moja! Walipochungulia zaidi, MCP5 ulikuwa na zile alama hasa za mlango wa ATP, MCP15 hauna. Basi, katika utafiti wa mwaka 2012, wakachukua chachu iliyoondolewa milango yake ya ATP, ambayo haiwezi kukua juu ya laktati. Wakaitia MCP5, ikakua. Wakaitia MCP15, wapi! Tena vijidudu vya hatua ile ya ndani ya mbung'o, vilipopunguziwa MCP5, vilikua kwa shida.

Je, dawa ya kuuziba mlango huo? Hapo ukoo wenyewe unaleta taabu: ng'ombe anao mlango wa namna hiyo hiyo, nasi pia, na dawa ingepashwa kuutambua ule wa kijidudu peke yake.