Deni la Simu Tulihamishie Wapi?

Akina mama wengi tunaowajua hawakukopa kwa ajili ya anasa. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, au mgonjwa alilazwa usiku, na simu ikatoa pesa kabla jirani hajafungua mlango. Hatuwalaumu. Taabu huanza siku 30 zinapokwisha na pesa hazijatosha. Mama hukopa kwingine ili alipe pale pa kwanza, na mwezi ujao tena.

Hebu tufanye hesabu pamoja. M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada za mikopo ya simu hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo soma yako mwenyewe. Hii tunaitumia kama mfano tu. Kwa deni la shilingi 30,000, ada ya mwezi ni shilingi 2,250. Ukilipa na kukopa tena zile zile 30,000 kila mwezi, kwa mwaka ada pekee zitafika shilingi 27,000, na deni lenyewe lingali pale pale.

Sasa deni hilo ulihamishie kwenye chama cha akiba na mikopo, yaani SACCO. Vyama vingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Ukipunguza deni kwa shilingi 2,500 kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 300, wa pili 275, ikishuka hivyo hadi 25 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ya mwaka mzima ni shilingi 1,950. Mama, hiyo haifiki hata ile ada ya mwezi mmoja!

Lakini uliza vizuri kabla ya kutia sahihi. Asilimia 1 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, riba ya mwaka inakuwa 3,600. Uliza pia ada ya fomu na ya bima. Na kile chama cha mtaani kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi si mahali pa kuhamia, hata kama chai yao ni tamu.

SACCO haikukopeshi siku unayojiunga. Nyingi hutaka uweke akiba miezi kadhaa kwanza, na mara nyingi mkopo hauzidi akiba yako mara tatu. Basi kwa 30,000 utahitaji uwe umeweka 10,000. Halafu kuna wadhamini. Ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo inayokatwa, na pengine akiba hiyo ni karo ya mtoto wa mwenzako. Mweleze ukweli wote wa deni lako kabla hajakubali.

Na baba watoto je? Tunajua kwamba madeni mengi ya simu yamefichwa chini ya mto. Kulihamisha deni kimyakimya ni vigumu, kwa kuwa malipo ya mwezi wa kwanza ni shilingi 2,800, na lazima yatoke katika matumizi ya nyumba. Ni afadhali asikie kwako kuliko kwa mdhamini. Andika hesabu zote mbili kwenye karatasi, mngoje ale apumzike, kisha umwonyeshe.

Pesa zikitoka, lipa deni la simu siku hiyo hiyo, kabla hazijapita sokoni. Hapa ndipo wengi huteleza: wakishalipa, simu huwaambia wanaweza kukopa tena, nao hukopa, na sasa wana madeni mawili. Ondoa programu hizo kwenye simu.

Kama una deni la Fuliza, kumbuka kwamba pesa zinazoingia M-Pesa hukatwa deni hilo kwanza. Lihesabu mapema, ili kiasi kilichobaki kiwatoshe wadai wengine, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo hadi uhakikishe salio lako kwao ni sifuri.