Fahamu: Nani alianzisha kilimo cha mpunga Kisangani?
Bei ya mchele inapozungumzwa Kabondo, mojawapo ya maeneo ya mji wa Kisangani, ni rahisi kudhani zao hili lilianzishwa na Wabelgiji. Sikubali. Mpunga uliletwa na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na mmoja wao, Tippu Tip, alipofanywa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887, ulikuwa tayari ukilimwa huko. Ni kweli dola ya kikoloni ililieneza zao, tena kwa kuwalazimisha wanavijiji, lakini iliwakuta wajuzi wa mpunga: Waswahili waliobaki baada ya vita vya 1892–1894 kati yao na dola hiyo. Hata hivyo, walowezi hao wasipambwe. Msitu ulifyekwa, ukachomwa, mbegu zikafukiwa kwa kutegemea mvua tu, na mashambani mwao kazi hiyo nzito ilifanywa na watumwa.