Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone — Si Mgeni Njoo Uchunwe

Na Mwandishi Wetu

Jua linapozama baharini na sala ya magharibi inapokwisha, bustani ya Forodhani mjini Unguja hubadilika sura. Mahali palipokuwa pa kupunga upepo mchana kutwa hugeuka kuwa jiko kubwa la wazi. Meza hupangwa safu kwa safu, taa huwashwa, makaa hupepewa, na moshi wa mishikaki hutanda hadi kwenye kuta za Ngome Kongwe. Pweza, ngisi na kamba hulala juu ya meza wakiwa wametungwa vijitini. Kando yao yuko mkamua miwa na mashine yake, ndimu na tangawizi mkononi. Hakuna pua ipitayo hapo isigeuke.

Jioni moja mwandishi wa makala hii alisimama mbele ya mojawapo ya meza hizo akingoja zamu yake. Mbele yake walikuwa kijana mmoja na mkewe, wageni kutoka Ulaya. Mpishi, aliyevaa koti jeupe na kofia ya jikoni, aliwakaribisha kwa lugha nne. Akawajazia sahani: vijiti viwili vya pweza, kimoja cha ngisi, kimoja cha kamba, na chapati mbili. Sahani ikaenda motoni, ikarudi ikifuka moshi. Wageni walipokwisha kuonja ndipo bei ilipotajwa: shilingi 70,000. Kijana akamtazama mkewe, akahesabu noti, akalipa bila neno.

Baada yao alifika mzee mmoja mwenyeji, kanzu safi na kofia ya kiua.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema mpishi.

"Marahaba, mwanangu. Pweza wa leo huyu, au wa jana?"

"Wa leo, mzee. Nikudanganye wewe?"

Mzee akachukua sahani kama ile ile ya wageni, kijiti kwa kijiti, akalipa shilingi 20,000.

Wa tatu alikuwa mfanyakazi kutoka Dar es Salaam, aliyevuka bahari na mkewe na watoto wawili kwa mapumziko ya siku mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na mfuko wa safari ulikuwa bado begani. "Karibu kaka, karibu shemeji," alikaribishwa kwa bashasha. Akauliza bei ya sahani kama ya yule mzee. Akajibiwa: shilingi 45,000. Bwana yule hakubishana. Alinunua kijiti kimoja cha pweza na chapati nne, wakaenda kuketi kwenye ukuta wa bahari. Mama akakigawa kile kijiti mafungu manne.

BEI YA USO

Ndugu msomaji, hizo ni bei tatu za pweza mmoja, katika meza moja, kabla ya nusu saa kwisha. Mkaa haukupanda bei katika muda huo, wala mafuta, wala chumvi. Kilichobadilika ni uso wa mnunuzi na lafudhi yake.

Tabia hii aghalabu huchekewa. Husemwa kuwa mzungu anazo, na akitozwa zaidi hakuna anayeumia. Lakini kisa cha familia ile kinaonyesha kwamba bei ya uso haina mpaka. Huanza kwa mzungu, ikahamia kwa Mhindi wa Nairobi, ikamfikia mtu wa Dar es Salaam, na kesho itamkuta Mpemba aliyeshuka melini kwa mara ya kwanza. Anayepima mfuko wa mtu kwa macho hawezi kujizuia kumpima kila apitaye.

Wala nyongeza hiyo haimfikii aliyetoa jasho la kwanza. Katika pwani za Unguja na Pemba, sehemu kubwa ya pweza huvuliwa na akina mama, wanaotembea kwa miguu juu ya miamba wakati wa maji ya bamvua, fimbo mkononi na kanga imefungwa kiunoni. Mama huyo huuza mali yake kwa bei ya soko la siku hiyo. Hapati senti moja zaidi kwa kuwa pweza wake ataliwa na Mtaliano badala ya mtu wa Kwahani.

UPANDE WA PILI WA MEZA

Haki inataka tumsikilize na mpishi. Wateja walipopungua, yule yule mwenye koti jeupe alikubali kuzungumza, mradi jina lake lisitajwe.

"Ndugu mwandishi, wewe umeona sahani tu," alisema. "Hukuiona barafu, hukuuona mkaa, hukumwona samaki ninayemtupa asipouzwa. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni hakuna, na watoto wangu wanakula hata masika."

Kisha akaeleza jambo ambalo mgeni halioni. Mjini humo wapo vijana wanaowaongoza wageni bila kibali, nao huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Papasi humleta mgeni mezani, husimama pembeni akitabasamu, na mgeni akiondoka hurudi kudai fungu lake. "Nisipompa, kesho atawapitisha mbali na meza yangu," alisema mpishi. "Sasa nikimpa, naitoa wapi? Naitoa kwa mgeni."

Alikuwa na hoja nyingine, na si nyepesi. "Kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam mgeni halipi nauli yako. Kwenye mbuga za wanyama halipi kiingilio chako. Mbona huko hakuna anayeitwa mwizi?"

Swali hilo linastahili jibu. Ni kweli kwamba nauli za boti na viingilio vya hifadhi hutofautisha mkazi na mgeni wa nje. Lakini tofauti hiyo imeandikwa. Mgeni huisoma kabla ya kutoa fedha, huamua mwenyewe kulipa au kuondoka, na hupewa stakabadhi. Wageni wawili wakisimama dirisha moja watalipa sawasawa. Bei ya mezani haikuandikwa popote. Hutungwa papo hapo, na hutajwa baada ya chakula kuingia mdomoni, wakati ambapo mlaji hawezi tena kusema hapana. Kutoza zaidi kwa bei iliyotangazwa ni sera ambayo watu wanaweza kuijadili. Kutoza kwa bei iliyofichwa ni ulaghai.

Jina lenyewe la Forodhani latokana na forodha, mahali palipotozwa ushuru wa bidhaa zilizoshuka bandarini. Ushuru una viwango vinavyojulikana, na mfanyabiashara huvijua kabla ya kushusha mzigo wake. Ni kinaya kwamba mahali penye jina kama hilo leo mtu hula kwanza, ndipo aambiwe anadaiwa nini.

ENZI ZA MLANGUZI

Wasomaji wa makamo wanalikumbuka neno "mlanguzi". Katika miaka ya uhaba wa sukari, sabuni na unga, mlanguzi alikuwa mtu aliyeficha mali nyuma ya duka na kuitoa kwa bei aliyoipenda kwa mtu aliyemtaka. Tanzania Bara ilikuwa na Tume ya Taifa ya Bei tangu sheria ya mwaka 1973, na mwaka 1983 ikafuata kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Miaka hiyo ilikuwa na mateso yake, na hakuna anayeomba foleni zirudi. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, Visiwani na Bara, na leo muuzaji ana uhuru wa kupanga bei yake.

Lakini uhuru wa kupanga bei haujawa uhuru wa kuificha. Soko huria husimama juu ya mnunuzi anayeijua bei, akalinganisha meza hii na ile, kisha akachagua. Bei ikifichwa, meza nzuri na mbaya huwa sawa, na mpishi mwaminifu hana njia ya kuonyesha uaminifu wake. Hapo ndipo anapopunjwa na jirani yake mlanguzi bila kujua.

Kwa nini mambo haya hayaonekani Ng'ambo? Nenda Darajani, nenda mitaa ya Michenzani chini ya majumba marefu, ukanunue urojo. Bakuli litajaa viazi, bajia, kachori na chatine, mchuzi wa ndimu na ukwaju juu yake, na bei yako ni bei ya aliyekutangulia. Si kwamba watu wa Ng'ambo ni malaika. Muuzaji wa huko anajua kwamba mteja wa leo ndiye mteja wa kesho, na kwamba akimpunja mtoto, mama yake atafika kabla ya isha. Mgeni wa Forodhani hana kesho. Atapanda ndege, na muuzaji hudhani mambo yameishia hapo.

Hayaishii hapo. Mgeni aliyechunwa husema. Huwasimulia wenzake hotelini usiku ule ule, na akifika kwao huwaandikia wanaojiandaa kusafiri. Wanaomsikia huamua kubaki katika hoteli za Nungwi, Kendwa na Kiwengwa, ambako wengi wao wamekwisha kulipia kitanda, kifungua kinywa na chakula cha usiku kabla ya kutoka kwao. Fedha hiyo hailifikii jiko la mkaa. Haimfikii muuza ndimu, wala mama wa pweza, wala kijana anayekamua miwa. Hivyo tamaa ya meza moja huwanyima riziki watu mia walio nyuma yake.

MWAKA WA UKIMYA

Tusisahau mwaka 2020. Mwaka 2019 wageni zaidi ya 500,000 walikuwa wameingia Zanzibar. Ugonjwa wa korona ulipozuka, ndege zikasita, na idadi ya mwaka uliofuata ikaporomoka hadi takriban nusu yake. Katika miezi ile ya ukimya, aliyebaki kununua chakula mjini alikuwa mwenyeji: mwalimu, karani, mchukuzi wa bandarini, muuguzi atokaye zamu. Mgeni wa nje alipotoweka, mwananchi ndiye aliyekuwa akiba.

Wageni wamerudi, na mwaka 2023 walipita 600,000. Je, yule aliyekuwa akiba atakumbukwa? Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa kazi ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, nayo ni bustani ya umma katika Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Urithi ambao mtoto wa mfanyakazi anaunusa tu bila kuuonja umeanza kumtoka mwenyewe mkononi.

UBAO NA CHAKI

Dawa ya ugonjwa huu si ghali. Ni ubao na chaki. Kila meza iwe na ubao unaosomeka kutoka hatua tano, ukitaja bei ya kijiti kimoja, ya chapati moja, ya gilasi moja, kwa Kiswahili kwanza na lugha nyingine chini yake. Bei ziandikwe kwa shilingi, kwani kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wapishi wenyewe, ambao wanajuana kwa majina na kwa baba zao, wakubaliane kwamba asiyekuwa na ubao hawashi moto. Meza zote zikiwa na bei iliyoandikwa, hata papasi atakosa pa kuchomeka fungu lake.

Nasi wanunuzi tuna wajibu. Uliza bei kabla sahani haijajazwa, na uulize kama ni ya kijiti au ya sahani nzima. Hesabu vijiti vyako kabla havijaenda motoni. Ukiwa na mgeni wako, usikae kimya ukifurahi kwamba wewe umetozwa kidogo, maana ukimya wako ndio unaoifanya bei ya uso iwe desturi. Na mzazi aliye na kijana mezani pale amwambie yale ambayo wazee wetu waliwaambia wenye maduka: jina jema hudumu kuliko faida ya siku moja.

Yule mpishi, kabla hatujaagana, aliulizwa kama angekubali kuandika bei zake ubaoni. Alipepea makaa kwa muda bila kujibu. "Wenzangu wakiandika, nitaandika," alisema hatimaye. "Nikiandika peke yangu, papasi watanikimbia."

Pale ukutani, watoto wa yule bwana wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kumaliza mafungu yao ya pweza, wakawa wanalamba vidole na kuzitazama meza.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone mwenyeji mmoja mwenye meza. Walimkusudia na yule mvuvi wa kike juu ya mwamba, na muuza ndimu, na mtoto aliyeketi ukutani akingoja zamu yake. Mgeni akilishwa kwa haki hurudi, akirudi huleta wengine, na wote hao hupona pamoja naye.