MADHABAHU NA SANDUKU LA KURA

Mwezi wa Julai mwaka 1954 yalitokea mambo mawili katika pande mbili za dunia, wala hapakuwa na mtu aliyeyaweka pamoja. Tarehe 2, mjini Washington, Seneta Lyndon Johnson wa Texas alileta kifungu katika sheria ya kodi, kisemacho ya kuwa kanisa au chama cha hisani kilichosamehewa kodi kisimpigie debe mgombea ye yote wa uchaguzi. Siku tano baadaye, mjini Dar es Salaam, TANU ilizaliwa.

Kwa miaka 71 kifungu kile kilihesabiwa kuwa mpaka baina ya madhabahu na sanduku la kura. Mwezi wa Julai 2025 idara ya kodi ya Marekani iliiambia mahakama moja ya Texas ya kuwa mchungaji akiwaeleza waumini wake ibadani habari za mgombea, hauvunji mpaka huo. Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwa kuwa nasi tu watu wa chama, na kila chama duniani huyatamani makusanyiko ya Jumapili.

Tuanze na asili ya mambo. Wabaptisti wa Marekani walijua uchungu wa dini ya serikali. Kabla ya nchi ile kujitawala, wahubiri wao walitiwa gerezani huko Virginia kwa kuhubiri bila kibali. Mwaka 1801 Wabaptisti wa Danbury, katika Connecticut, walimwandikia Rais Thomas Jefferson wakiutetea uhuru wa dhamiri. Tarehe 1 Januari 1802 aliwajibu, akautaja ukuta uliojengwa kati ya kanisa na dola. Basi ukuta ule haukuwa hila ya wasioamini. Wahubiri wenyewe waliutaka, wapate kujikinga na watawala.

Ni nani basi aliyeubomoa? Mwaka 1965, Martin Luther King na wenzake walipokuwa wakiandamana kudai haki ya watu weusi kupiga kura, mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alihubiri ya kuwa kazi ya mhubiri ni kuziokoa roho, si kuingia katika siasa. Mwaka 1979 mchungaji huyo huyo aliunda jumuiya ya Moral Majority, kuwaandikisha Wakristo wa kiinjili, ambao huku kwetu wengi tungewaita walokole, wapate kupiga kura.

Kilichombadilisha ni nini? Wengi hudhani ni suala la kutoa mimba. Lakini mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulitaka sheria iruhusu jambo hilo katika hali kadha wa kadha. Mwanahistoria Randall Balmer ameeleza ya kuwa moto uliwashwa kwingine. Mwaka huo wa 1971 mahakama iliamua ya kuwa shule za binafsi zenye kubagua rangi hazistahili msamaha wa kodi, na mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Bob Jones kikanyang'anywa msamaha wake. Hatusemi ya kuwa waumini waliohuzunika juu ya mimba walikuwa wanafiki. Wengi wao walikuwa wakweli. Twasema ya kuwa ukweli wao ulipandishwa katika gari ambalo wengine walikuwa wamekwisha kulichagulia njia.

Mwezi wa Agosti 1980, mjini Dallas, Ronald Reagan, mgombea wa chama cha Republican, alisimama mbele ya maelfu ya wachungaji. Aliwaambia ya kuwa ajua hawawezi kumwidhinisha yeye, bali yeye anawaidhinisha wao. Wakamshangilia. Mpinzani wake, Rais Jimmy Carter, alikuwa Mbaptisti na mwalimu wa shule ya Jumapili, lakini viongozi wale walimwacha.

Hapa ndugu wafanyakazi na watege sikio. Mwezi wa Agosti 1981, mwaka mmoja tu baada ya Dallas, waongoza ndege wa Marekani waligoma wakidai mshahara na saa za kazi zilizo bora. Chama chao kilikuwa kimemwunga mkono Reagan katika uchaguzi. Aliwafukuza kazi zaidi ya 11,000. Mfanyakazi aliyempigia kura mtu kwa kuambiwa ni mtu wa Mungu alipaswa kwanza kuuliza: mtu huyu atanifanyia nini nikidai haki yangu?

Je, mchungaji anyamaze? La hasha! King naye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Johnson, alipokuwa Rais, alitia saini sheria za haki za watu weusi mwaka 1964 na 1965, na King alizipigania. Hata hivyo, tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside mjini New York, King alivishutumu vita vya Rais huyo huyo huko Vietnam. Aliweza kumshukuru mtawala jana na kumkemea leo, kwa sababu hakuwa mali ya chama chake. Hiyo ndiyo tofauti. Kanisa linalosema haki huogopwa na vyama vyote. Kanisa lililoingia katika chama huogopa kushindwa kwa chama hicho.

Tena tazameni uchaguzi wa 2016. Katika kila Wakristo weupe kumi wa kiinjili, wapatao wanane walimpigia kura Donald Trump. Wakristo weusi, wasomao Biblia ile ile, wengi wao sana walimpigia mpinzani wake. Ikiwa Injili ni moja na kura ni mbili, basi si Injili iliyopiga kura.

Sisi tulioongozwa mkono katika shule za misheni hatuwezi kulibeza kanisa. Herufi tunazoandikia makala hii tulizipata huko. Lakini twakumbuka ya kuwa TANU, chini ya Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, ilibebwa mabegani na Waislamu na Wakristo pamoja, na nguvu yake ilitoka katika kukataa kumwuliza mtu anasali wapi. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, imeziweka shughuli za dini nje ya mamlaka ya nchi. Na ibara ya 20 yakataza chama chenye kupigania maslahi ya dini.

Lakini sheria haitoshi, maana aliyeonja asali huchonga mzinga. Mgombea wetu apelekaye mchango kanisani au msikitini majuma mawili kabla ya uchaguzi, akapewa nafasi ya kusalimu, ameanza kuchonga. Kiongozi wetu amwambiaye shehe au askofu aliyetukosoa ya kuwa asiingilie siasa, ilhali jana alimwomba atuombee kura, amekwisha kuonja. Twasema haya kwa ndugu zetu wa chama kabla hatujayasema kwa wapinzani.

Mwanachama na aende kusali, kisha aje mkutanoni. Akiwa huko asiwe wakala wetu. Na akija huku asiulizwe ametoka wapi.